Darasa la Saba Lililokuwa na Zaituni Peke Yake

Ninyi walimu vijana mnaopita hapa kwangu Lobule kunisalimu, najua mnachokuja kulalamikia hata kabla hamjakaa. Darasa limejaa. Watoto wamebanana, madaftari ni mlima, mkono wa kusahihisha unakufa ganzi. Nawapa pole, nawapa na chai. Lakini leo niacheni niseme ukweli: mkianza kulalamika hivyo, mimi nawaonea wivu. Kuna mwaka nilifundisha darasa la saba lenye mwanafunzi mmoja.

Msicheke kwanza. Mtacheka baadaye, pa kucheka papo.

Mnajua habari za mwaka wa sabini na tisa kwa kusimuliwa. Serikali ilianguka, vita ikafika mpaka kwetu, na kwa kuwa nyumba nyingi za Koboko zilikuwa na mtu katika jeshi la serikali hiyo, tulijua hakuna wa kutubakiza. Tukavuka mpaka. Wengine Sudan, wengine Zaire. Mimi nilikwenda Zaire na mke wangu, na miaka ile ilipokwisha nilirudi bila yeye, maana tulimzika huko. Nilirudi na sufuria moja, mkeka, na kazi ya ualimu ambayo hakuna aliyeweza kuninyang'anya.

Shule yetu ya hapa Lobule niliikuta kuta tupu. Mabati yalikuwa yameondoka na watu nisiowajua, na katikati ya darasa la nne mpapai ulikuwa umeota na kuzaa. Tulikula yale mapapai, kisha tukaezeka kwa nyasi. Walimu tulikuwa watatu. Wenzangu wawili walichukua watoto wadogo, la kwanza mpaka la tatu, na hao walikuwa wengi, wamezaliwa ng'ambo, wanatukana kwa Kilingala. Baada ya la tatu palikuwa na shimo. Watoto wa umri wa la nne, la tano na la sita walikuwa wameacha shule kambini, wanauza muhogo sokoni au wanachunga. Halafu, ng'ambo ya lile shimo, palikuwa na Zaituni.

Zaituni alikuwa amesoma kwa wamisheni kule Ariwara, upande wa Zaire, na alirudi na bibi yake tu. Bibi huyo wote tulimwita haboba, kama tunavyowaita bibi zetu hapa. Msichana mrefu, mkavu, mwenye macho ya mtu anayedai haki yake. Afisa wa elimu alikuja kwa pikipiki, akamtazama, akaniambia: "Huyu akifanya mtihani wa mwisho, shule inabaki shule kamili. Asipofanya, tunaishusha iwe ya watoto wadogo, na wewe tunakupeleka kwingine." Akawasha pikipiki akaenda zake. Mimi nilikuwa nimetangatanga miaka ya kutosha. Sikutaka kwingine. Basi kila kitu changu kikawa juu ya yule mtoto, naye hakujua.

Niwape kwanza mambo ya kazi, maana ndiyo mnayotaka. Ubao tuliutengeneza wenyewe. Unavunja betri kuukuu za redio, unatoa yale makaa ya ndani, unasaga, unachanganya na maji ya majani ya viazi, unapaka ukutani mara mbili. Unakuwa mweusi kuliko huo wenu wa kununua. Chaki ni muhogo mkavu. Inaandika vizuri, ila ina ubaya mmoja: inalika. Siku moja niliandika hesabu za sehemu ubao mzima, nikatoka kidogo, niliporudi nikamkuta mbuzi wa haboba amesimama kwa miguu ya nyuma, amelamba hesabu zote mpaka alipofikia. Zaituni amekaa kwenye benchi anamtazama.

"Mbona hukumfukuza?" nikamuuliza.

"Mwalimu, nilifurahi kuona mwanafunzi mwingine."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikaona kwamba yeye hacheki.

Mwisho wa muhula wa kwanza niliandika ripoti yake. Nafasi: wa kwanza. Haboba hakujua kusoma, akanifuata nyumbani na ile karatasi.

"Namba ngapi, mwalimu?"

"Namba moja, mama."

Akapiga kigelegele. Kisha akafikiri. "Wako wangapi?"

"Yuko mmoja."

"Basi ni wa mwisho pia," akasema, akakunja karatasi, akaondoka bila kuaga.

Wiki ya kwanza ya muhula wa pili Zaituni alikuja amechelewa, hana daftari. Alisimama mlangoni.

"Mwalimu, mimi narudi Ariwara. Kule darasa iko na mutu. Hapa nashinda nani? Nashinda ukuta?"

Ningeweza kumwambia habari ya afisa wa pikipiki, lakini mtoto hafai kubebeshwa shule. Nikawa natafuta neno, na lililokuja halikuwa neno, yalikuwa majina. Darasa la saba la mwaka ule wa vita, darasa langu la mwisho kabla hatujavuka, nilikuwa nalo kichwani lote, jinsi walivyokaa, benchi kwa benchi. Walikuwa wamejiandaa kwa mtihani na hawakuufanya. Ng'ambo kule, siku ambazo sikuwa na wa kuongea naye, nilikuwa nayapitia majina yale moja moja.

"Kaa," nikamwambia. "Hujaitwa. Nani amekuambia uko peke yako?" Nikasimama mbele, nikaita. "Draga!"

Kimya. Zaituni akageuka kuangalia nyuma yake.

"Draga ni mwenzako. Wa kwanza kwa hesabu. Ukiona haitiki, unamjibia."

"Haiko," akasema, kwa mashaka.

"Yuko wapi?"

"Mimi najua?"

"Hata mimi sijui. Sema: haiko, haijulikani. Candiru! Huyu mwandiko wake ungeuweka ukutani."

"Haiko."

"Aliponyokea Sudan, ameonekana Yei. Lemi! Wa sayansi." Nikangoja kidogo. "Lemi alikufa njiani."

Kwa Lemi hakujibu kitu. Na tangu siku ile, nikifika kwa Lemi, alikuwa anainamisha kichwa, basi, tunaendelea. Mwisho kabisa nilimwita yeye.

"Mimi iko!" akasema, akakaa.

Hivyo ndivyo tulivyofundisha na kufundishwa muhula wa pili. Nikitoa zoezi, nilimwambia Draga angepata ngapi, maana nilimjua Draga anapokosea na asipokosea. Akishindwa na Draga, Zaituni anavimba. "Draga anakopi kwa Candiru!" ananishitakia, na mimi namkemea Draga mbele yake. Alikuja mapema, akapiga mwenyewe ile rimu ya gari iliyokuwa kengele yetu. Siku aliyompita Draga kwa mara ya kwanza alikimbia kuzunguka shule nzima. Na mimi, vijana wangu, nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu mazishi. Nilikuwa na darasa.

Safari za masomo pia tulizifanya, kama ratiba inavyotaka. Mwalimu mkuu wangu wa zamani, mzee Elisa, aliyenifundisha kazi nilipokuwa kijana kama ninyi, alikuwa na sheria zake za kutoka nje na darasa. Watoto kwenye mstari, mwalimu nyuma. "Mwalimu anayetangulia," alikuwa akisema, "anafundisha mgongo wake." Unahesabu mkitoka, unahesabu mkirudi. Na mnaimba. Mimi nilizifuata zote. Nilimwambia Zaituni ashike mstari, akashika. Nikahesabu. Tukaenda kijito kuangalia mawe na udongo, yeye mbele anaimba, mimi nyuma na fimbo ya kuonyeshea. Tulipokwenda Dranya kuona shamba la tumbaku, watu walitoka majumbani kutazama. Kufika jioni kwa haboba, habari imeshatangulia: mjukuu wako amekamatwa kwa wizi, anapelekwa na mwalimu kwa mkuu wa kijiji, na anaimba bila haya.

Lakini mtihani hauulizi habari za kijito peke yake. Unauliza posta, uwanja wa ndege, umeme, na Zaituni hakuwa ameona mji mkubwa kuliko Ariwara. Nikaamua twende Arua. Nilimwomba dereva wa lori la tumbaku, haboba akatufungia muhogo wa kuchemsha na simsim, ule ufuta wetu, tukapanda juu ya marobota.

Njiani palikuwa na kizuizi cha askari. Kijana mmoja mwenye bunduki akatushusha.

"Nyinyi nakwenda wapi?"

"Arua, afande. Safari ya masomo. Mimi ni mwalimu, hili ni darasa la saba."

Akachungulia juu ya lori, akazunguka nyuma. "Darasa iko wapi?"

"Ni mimi," Zaituni akasema.

"Na ingine?"

"Ingine haiko. Iko Zaire, iko Sudan. Moja alikufa."

Yule askari alikuwa ameshaanza kucheka, akaacha. Alimtazama Zaituni kwa muda, na nadhani naye alikuwa na lake la kukumbuka. "Haya, panda, darasa," akasema.

Arua tuliona yote. Posta aliiingia kwa heshima kama msikiti. Uwanjani tulisubiri sana mpaka ndege ndogo ikashuka, na Zaituni akaniuliza mbona haipigi mbawa. Tukaanza kupanda barabara ya Mvara ili aone shule kubwa za huko, na kwa kuwa baiskeli zilikuwa nyingi nikapaza sauti, ile sauti yangu ya safari: "Shika mstari! Kushoto! Kushoto!"

Pembeni ya barabara palikuwa na fundi baiskeli, amechutama chini ya turubai, gurudumu mapajani. Akainua kichwa. Akasimama wima, gurudumu likaanguka likabingirika mpaka barabarani.

"Mwalimu?"

Nilikuwa nimemwacha mtoto wa sauti nyembamba, na huyu alikuwa mwanamume mwenye ndevu, mikono myeusi kwa grisi, shati limechanika bega. Nilimtambua kwa masikio yake. Nikasema jina tu, kwa sauti ya darasani, sikujua hata kama nimelisema.

"Draga?"

"Mimi iko, mwalimu," akajibu, mikono imenyooka ubavuni.

Tulishikana pale tukawa hatuachani. Grisi yake ilibaki kwenye shati langu jeupe na sikuifua haraka. Aliniambia alikuwa Sudan, kisha Zaire, wazazi wote hawapo, alirudi Arua kwa mguu na sasa anaishi kwa kuziba pancha. Zaituni alikuwa amesimama kwenye mstari wake, hajasogea. Kisha akaja, akamwangalia kuanzia miguuni.

"Wewe ndiyo Draga? Ya hesabu?"

Draga akanitazama, hakuelewa. Nikamweleza, kwa aibu kidogo, kwamba huyu ni mwanafunzi mwenzake, na wamekuwa wakishindana tangu muhula uanze. Akacheka sana. "Na nani anashinda?"

"Mimi," Zaituni akasema. "Siku hizi." Akachukua kipande cha mkaa palepale chini, akaandika kwenye ubao wa boksi la spana la Draga hesabu ya sehemu, ile iliyomsumbua mwezi mzima. Akampa ule mkaa.

Draga aliushika. Aliinama juu ya ile hesabu, midomo inacheza. Akaandika namba, akaifuta kwa kiganja, ikabaki doa jeusi. Akaandika nyingine. Mteja wake alikuwa amesimama anangoja baiskeli. Nilitaka kumsaidia na sikuthubutu.

"Imetoka," akasema mwishowe, akamrudishia mkaa. "Ilikuwa humu, imetoka." Akageukia kwangu. "Mwalimu, ulimwambia mimi nilikuwa namba moja?"

"Nilimwambia."

"Ilikuwa kweli," akamwambia Zaituni. "Usifikiri ni uongo. Ilikuwa kweli." Kisha akasema, huku anaokota gurudumu lake, kwamba kila mwaka siku za mtihani zikifika, akiona watoto wanapita na kalamu mkononi, yeye hafungui kazi. Anabaki nyumbani mpaka waishe.

Tulimwachia muhogo wetu. Lori la kurudi lilikuwa tupu, tukakaa chini kwenye vumbi la tumbaku. Nilihesabu darasa langu kama kawaida. Zaituni hakuimba, wala hakuniuliza chochote kuhusu ndege wala posta, mpaka Koboko.

Asubuhi yake nilisimama mbele nikaanza kuita. "Draga!"

Kimya.

"Draga!"

"Mwalimu, wacha kumuita Draga," Zaituni akasema. Alikuwa anaangalia benchi, si mimi. "Mutu ile amechoka."

Nikakohoa. "Sawa. Candiru!"

"Na Candiru pia wacha. Labda naye amechoka. Sisi hapa tunawashinda kila siku, na wao hawana hata kalamu."

Niligeukia ubao nikajifanya naufuta, na haukuwa na kitu. Niliumia, nawaambieni wazi. Nilikuwa nimejiambia majina yale ni ya kumtuliza mtoto, na mtoto muda wote alikuwa akinitazama na kujua ni ya kumtuliza nani. Darasa zima likanitoka siku ile kwa mara ya pili. Na hofu ikarudi, maana sasa hakuwa na sababu ya kubaki, na mtihani ulikuwa umebakiza majuma machache.

"Basi utashindana na nani?" nikamuuliza, bado nimempa mgongo.

Alifikiri. "Na wewe."

"Mimi ni mwalimu."

"Lakini uko peke yako pia."

Vijana, nilikwenda nikakaa kwenye benchi. Magoti yaligonga meza. Alinipa karatasi kutoka daftari lake, na tangu siku hiyo tulifanya kazi hivyo: natunga maswali kutoka mitihani ya zamani, tunayafanya wote wawili kimya, kisha tunabadilishana karatasi, kila mtu anamsahihisha mwenzake. Zaituni alikuwa msahihishaji mkatili. Nikisahau nukta, ananikata. Sayansi alinishinda mara mbili, kihalali, na mara ya pili nilinuna mpaka wakati wa chakula. Watoto wa la tatu walikuwa wanakuja kuchungulia dirishani waone mwalimu akipigwa alama nyekundu. Jaribio la mwisho kabla ya mtihani wenyewe alinipita kwa jumla, nikaandika ripoti kwa mkono wangu, nikaipeleka mwenyewe kwa haboba.

"Namba ngapi?"

"Namba moja, mama."

"Wako wangapi?" Alikuwa ameshaweka mkono kiunoni.

"Wawili. Wa pili ni mimi."

Alinitazama juu mpaka chini, akatafakari kiwango cha yule wa pili, kisha akapiga kigelegele ambacho nina hakika kilisikika Dranya.

Mtihani ulifanyika Koboko mjini, shule zote za jirani pamoja. Nilimsindikiza, yeye mbele, mimi nyuma. Uwanja ulijaa watoto. Sikuwa nimeona watoto wengi wakubwa mahali pamoja tangu turudi, na Zaituni alinishika mkono wa shati, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Kisha kengele ikapigwa, wakapanga mistari, na akaachia. Walimu wa shule hatukuruhusiwa kuingia. Nilisimama nje ya ua wa mianzi nikisikiliza msimamizi akiita majina. Wengine wote walijibu kwa Kiingereza, kama walivyofundishwa. Lilipofika lake, nilisikia sauti inayojulikana kwangu ikipasua uwanja mzima:

"Mimi iko!"

Wakaangua kicheko, mamia ya watoto. Nami nikamsikia naye anacheka katikati yao. Nilikaa chini palepale kwenye majani nikavua miwani.

Alifaulu. Shule ikaandikwa kuwa kamili, nikabaki Lobule mpaka nilipostaafu, na wengine wenu mmesoma humo. Zaituni alipata nafasi sekondari Arua, upande wa Mvara. Siku ya kuondoka alipanda lori lilelile na sanduku la mbao. Nilimwambia akipita pale barabarani amsalimu Draga, na asimpe hesabu. Akasema atampa, kidogo kidogo, mpaka zirudi. Haboba aliendelea kuja shuleni kumtafuta mbuzi wake, hata siku ambazo mbuzi alikuwa kamba shingoni nyumbani.

Muhula ulipofunguliwa nilifagia chumba cha la saba. Hapakuwa na mtu wa kukaa humo, na hapangekuwa naye mpaka wale wadogo wakue. Wenzangu waliniambia nije nisaidie la tatu, na nilikwenda, lakini kwanza nilipiga rimu, nikaingia, nikasimama mbele ya lile benchi. Niliita jina moja tu, la Zaituni.

Nikangoja kama kawaida. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyebaki wa kumjibia mwenzake, nilijibu mwenyewe.

"Haiko," nikasema. "Iko Mvara."